Namna ya Kuratibu Msaada wa Afya ya Akili kwa Mtoto na Familia Yake Katika Ngazi ya Mtaa

Katika mitaa na vijiji vingi vya Tanzania, watu wanaoweza kumsaidia mtoto mwenye matatizo ya afya ya akili wapo tayari: mwalimu wa ushauri na unasihi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, afisa ustawi wa jamii, viongozi wa dini, na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyoundwa chini ya MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kinachokosekana mara nyingi ni uratibu. Kila mmoja humhudumia mtoto kwa upande wake bila kujua mwenzake amefanya nini, na mama hulazimika kusimulia habari ileile katika kila ofisi mpaka anachoka na kuacha kufuatilia.

Kabla ya kupanga lolote, tenga dharura. Mtoto anayesema anataka kufa au aliyejaribu kujidhuru, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyeshikwa na kifafa kisichokoma, hasubiri kikao. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na dawa zote pamoja na sumu za wadudu ziondolewe nyumbani. Akiwa anafanyiwa ukatili, taarifa ifikishwe kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au ipigwe namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo ni ya bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo hakuna nafasi ya kumwita mtuhumiwa kikaoni ili mambo yaishe kifamilia.

Pasipo na dharura, anza kwa kumteua mratibu mmoja wa familia hiyo. Asichaguliwe kwa cheo, bali kwa kuwa familia inamwamini na anaweza kufika nyumbani bila kuzusha maneno kwa majirani. Kwa maoni yangu mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye anayefaa zaidi, kwani mwalimu hapatikani kwa urahisi wakati wa likizo, na mtendaji, hata akiwa mtu mwema, ndiye huyohuyo anayefuatilia michango, hivyo wengi hawamfungulii moyo.

Ziara ya kwanza ya mratibu ni ya kusikiliza. Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la nne ambaye, baada ya kufiwa na baba yake, ameacha kuzungumza darasani na ameanza kukojoa kitandani. Swali la "mtoto ana tatizo gani?" humfanya mama ajitetee. Ni afadhali kumuuliza siku ya mtoto inakwendaje tangu anapoamka, nani anakula naye, na usiku analala na nani. Katika majibu hayo mratibu anaweza kugundua kwamba mama mwenyewe hapati usingizi tangu msiba, na kwamba mtoto huyo ndiye anayewapikia wadogo zake anapotoka shule. Hapo wanaohitaji msaada ni wawili, na kumpeleka mtoto peke yake kwa mshauri kutatibu nusu tu ya jambo. Likihitajika dodoso, lipo la SDQ (Strengths and Difficulties Questionnaire), la kupima uwezo na ugumu wa mtoto, lenye maswali 25, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na hujazwa na mzazi au mwalimu. Husaidia kuonyesha ugumu uko wapi, lakini halitoi jina la ugonjwa.

Baada ya hapo itishwe kikao kidogo, watu watano au sita wasizidi, mahali ambapo familia imepachagua. Mama azungumze kwanza, kisha mtoto aulizwe angependa nini kibadilike, na aruhusiwe kukaa kimya. Kila kilichokubaliwa kiandikwe kwenye ukurasa mmoja wa daftari: jambo lenyewe, nani atalifanya, lini, na limefikia wapi. Kwa mtoto wetu, mwalimu wa darasa ataacha kumsimamisha mbele kusoma kwa sauti na badala yake atamsikiliza pembeni. Mama mdogo atakuja kupika siku mbili kwa wiki. Mratibu atamsindikiza mama na mtoto kliniki. Na nauli itatoka kwenye mfuko wa kikundi cha akina mama. Nauli iandikwe kabisa, na jina la mtoaji kando yake, kwa sababu rufaa nyingi hukwama kwa kukosa nauli tu.

Barua ya rufaa itaje siku ambayo kliniki ya afya ya akili hufanyika katika hospitali husika, kwa kuwa si zote zinazoitoa huduma hiyo kila siku, na iwe na sehemu ya mrejesho ambayo daktari au muuguzi ataijaza. Mratibu asipoiona sehemu hiyo ikirudi, aulizie mwenyewe.

Viongozi wa dini na waganga wa tiba asili wasiachwe nje, maana kwao ndiko familia nyingi huanzia, hasa kwa kifafa kinachodhaniwa kuwa mapepo. Wakubaliane na mratibu juu ya mambo matatu: mtoto hafungwi wala hapigwi, hanyimwi chakula wala maji, na dawa za hospitali hazikatizwi wakati wa maombi au matibabu yao.

Siri ilindwe kwa vitendo. Jina la mtoto, picha yake na habari za nyumbani kwao visipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Daftari libaki kwa mratibu, na shule ielezwe yale tu yanayomhusu mwalimu.

Kikao kirudiwe kila mwezi mwanzoni, kisha kwa vipindi virefu zaidi kadiri hali inavyotengemaa. Familia ikihama, au mtoto akichaguliwa kwenda shule ya bweni, mratibu aombe ridhaa ya mzazi, anakili ukurasa wa mpango, na kuukabidhi kwa afisa ustawi wa jamii wa huko anakokwenda pamoja na tarehe ya kliniki inayofuata.