Kurekodi simulizi za wanawake kuhusu kazi walizofanya

Ukianza na "Ulifanya kazi gani?" wengi watakujibu, "Mimi nilikuwa nyumbani tu," na hapo umeikosa miaka ya kushonea watu nguo, kulea watoto wa wengine na kushika hesabu za duka la mume. Uliza siku ilivyokwenda: aliamka saa ngapi, alianza na nini, mtoto alibaki na nani. Kisha fuata pesa. Alilipwa kwa siku, kwa mwezi au kwa kila kipande? Alipokea mwenyewe? Nani aliamua matumizi? Alipopata mimba, kazini ilikuwaje? Hili la mwisho liache hadi mmeshazoeana.

Mtembelee kwanza bila kinasa sauti, umweleze rekodi itahifadhiwa wapi na nani ataisikiliza. Kisa chenyewe usikimalize siku hiyo. Kikisimuliwa mara ya pili huwa kimekauka. Mwombe atafute picha, karatasi za mshahara au kifaa alichotumia. Akishika mkasi wake wa zamani na kusema "tulikata hivi," mwombe aeleze kwa maneno, kwa kuwa kinasa sauti hakioni.

Siku ya kurekodi kaeni wawili tu. Mume au binti akiwepo ataanza kusahihisha tarehe, na habari za bosi msumbufu hazitatoka kabisa.

Chagua chumba chenye mapazia na zulia. Jiko lenye vigae hutoa mwangwi. Zima feni na friji (na ukumbuke kuiwasha friji kabla ya kuondoka). Maikrofoni ya kubana nguoni ikae kama shibiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na mtandio. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), kHz 48, biti 24: saa moja ya mono (mkondo mmoja wa sauti) huchukua takriban MB 520. Sauti ya juu kabisa icheze karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa sauti. Ikigonga 0 hupasuka, na kuirekebisha vizuri ni vigumu mno. Vaa hedifoni muda wote. Simu nayo yafaa, ila iweke katika hali ya ndege, maana ikipigwa inaweza kukatiza rekodi.

Tamka tarehe, mahali na majina, kisha punguza maneno yako. Badala ya kuitikia "mmh" kila mara, tikisa kichwa. Akinyamaza, hesabu polepole hadi tano kabla ya kuuliza; mara nyingi la maana huja hapo. Dakika 60 hadi 90 zatosha kwa kikao kimoja.

Fomu ya ridhaa isainiwe mwishoni, hata kama alikubali mwanzoni: sasa ndipo anajua alichosema. Impe nafasi ya kuficha jina lake au kufunga sehemu fulani kwa miaka anayotaka.

Siku hiyo hiyo tengeneza nakala tatu, moja ikae jengo jingine. Kadi ya kumbukumbu ya kinasa sauti usiifute kabla ya kufungua kila nakala na kuisikiliza. Kuandika saa moja ya mazungumzo neno kwa neno huweza kula saa sita au zaidi, kwa hiyo anza na faharasa: kila dakika tano, mstari mmoja wa yaliyosemwa.