Kuunga mguu wa korongo wa alumini uliokatika

Bustani nyingi za Mbezi Beach, Masaki na Kigamboni jijini Dar es Salaam zina mapambo ya alumini ya kusubu, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu: korongo, paa, kasa, watoto wenye mitungi. Yakiangukia pevingi, kinachokatika ni pale pembamba, yaani mguu, shingo au pembe. Hivi karibuni nimemsaidia mama mmoja jirani. Korongo wake alikatika mguu juu kidogo ya goti, na fundi wa magrili alikuwa ameshamwambia akauze chakavu kwa kilo. Si kweli kwamba haitengenezeki. Alumini ya kusubu inaungika vizuri, na kazi yenyewe inafanyika uani kwa mtungi wa gesi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni alumini kweli

Sumaku ikinasa, hiyo si alumini. Isiponasa, bado usishangilie, kwa sababu mapambo mengi ya bei nafuu ni ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki. Kwanza lipime kwa mkono: zinki ni nzito zaidi ya mara mbili ya alumini yenye ukubwa uleule. Kisha piga tupa kidogo mahali pasipoonekana, dondosha siki, subiri dakika kadhaa. Kwenye zinki utaona vipovu vinapanda, kwenye alumini siki itatulia.

Usiiruke hatua hii. Aloi hizo za zinki huyeyuka karibu nyuzi 385 za selsiasi, sawasawa na kijiti utakachoungia, kwa hiyo ukiwasha moto mguu mzima unadondoka chini kama uji. Kama ni zinki, weka pini, yaani kipande cha waya kinachoingia pande zote mbili za mkatiko, na gundi ya epoksi, inatosha.

Sumaku ikinasa katikati ya mguu tu, ujue kuna nondo ya chuma iliyosubiwa ndani. Toa kutu yote unayoweza kuifikia. Kutu huvimba, na mara nyingi ndiyo iliyoupasua mguu kabla haujaanguka.

Hatua ya 2: Vifaa

Tafuta vijiti vya kuungia alumini vya joto dogo, vya zinki na alumini, vinavyoyeyuka karibu nyuzi 390. Waulize wauza vipuri vya friji na viyoyozi Kariakoo, kwa kuwa mafundi wao huziba mabomba ya alumini kila siku. Soma joto lililoandikwa kwenye pakiti. Vipo vijiti vya alumini na silikoni vinavyohitaji nyuzi 580 hivi, na hapo unakaribia kabisa kuyeyuka kwa sanamu yenyewe. Vijiti hivyo waachie wenye mkono mzoefu.

Vingine: kichwa cha moto cha gesi, drili, tupa, asetoni na brashi ya waya wa stenlesi. Brashi iwe mpya na isiwe imegusa chuma hata mara moja.

Gundi peke yake siipendekezi kwa mguu unaobeba uzito. Jua la Dar huipasha alumini hadi haishikiki, chuma kinatanuka, gundi inalegea, na msimu ukipinduka mguu uko chini tena. Kuchomelea kwa umeme ni kuzuri, lakini kunataka mashine ya mkondo geu (AC) yenye gesi ya agoni. Ukienda kwa mafundi wa Gerezani, uliza hilo kabla ya kushusha mzigo. Mashine ya kawaida ya magrili, na vijiti vyake vya chuma, itakutobolea sanamu.

Hatua ya 3: Pini

Toboa tundu la milimita 4 katikati ya kila upande, kina cha sentimita 2 hivi. Ili matundu yaelekeane, toboa upande mmoja kwanza, chomeka kipande kifupi cha msumari chenye ncha itokezee kidogo, kisha ubane upande wa pili juu yake. Ncha itakuwekea alama.

Pini iwe ya alumini. Waya mnene wa alumini kwa wauza chakavu unafaa. Watu wengi hupenda stenlesi kwa sababu ni ngumu, lakini karibu na bahari stenlesi na alumini zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, tena kwa ndani usikoona.

Piga tupa kuzunguka ukingo wa mkatiko upate mfereji wenye umbo la V. Katikati acha vile vimeno vya mkatiko, ndivyo vitakavyokuonyesha mguu ulivyokuwa umekaa.

Hatua ya 4: Tundu la pumzi

Kama mwili wa sanamu una uwazi ndani, toboa tundu dogo kwa chini, pasipoonekana. Hewa iliyofungiwa ikipata moto hutanuka, na kama kuna maji ya mvua yaliyoingia kwenye ufa yanageuka mvuke. Sanamu inaweza kupasuka usoni pako. Ilaze juani kutwa nzima kwanza, ikauke.

Hatua ya 5: Utando na moto

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ya kusubu huanza mapema zaidi kwa sababu imechanganywa silikoni. Lakini juu yake kuna utando mwembamba wa oksidi unaohitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Kijiti kilichoyeyuka hakishiki utando huo. Kinakaa juu yake kama tone la maji kwenye jani la mgomba, ukigusa kinabanduka. Tena utando ukiusugua unajirudisha papo hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda na moto mchana kutwa, kijiti baada ya kijiti, asipate kitu.

Anza kwa kuondoa rangi sentimita 4 kila upande kwa msasa. Usitumie kostiki soda, inaitafuna alumini yenyewe. Futa kwa asetoni, acha ikauke kabisa, ndipo usugue kwa brashi ya stenlesi. Mpangilio usigeuzwe: ukisugua kabla ya kufuta, brashi inayasukumia mafuta ndani ya vitundu vya chuma, na alumini ya kusubu imejaa vitundu. Mtungi na asetoni vyote viwe mbali kabla ya kuwasha. Ukimaliza kusugua, washa moto mara moja, usiahirishe hadi kesho.

Simamisha kiwiliwili kwenye ndoo ya mchanga mkavu, na mguu uegemee tofali la kuchoma. Usiweke juu ya zege, ikipata moto hurusha vipande. Fanya asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaanza kukupokonya joto, na iwe nje, kwa sababu moshi wa zinki si wa kuvuta.

Sasa moto. Alumini haibadiliki rangi ikipata joto: inang'aa vilevile, halafu ghafla inaporomoka. Chora mstari wa sabuni ya mche sentimita 3 kutoka kwenye mkatiko, kamwe si juu yake. Pasha upande mnene zaidi, moto ukitembea muda wote. Mstari ukigeuka mweusi, uko karibu. Ondoa moto kidogo, gusa mkatiko kwa kijiti. Kisipoyeyuka, ongeza moto. Kijiti kiyeyushwe na mguu, kisiyeyushwe na moto. Ukikielekezea moto kitadondoka vizuri na kukupa furaha ya uongo.

Kikianza kutiririka, weka safu nyembamba, kisha chukua brashi usugue *chini* ya kile kilichoyeyuka, kiwe bado maji. Unaupasua utando mahali ambapo hewa haifiki, ndipo zinki inapokutana na alumini tupu. Utaona kimiminika kikitanda na kujibana kwenye chuma. Fanya hivyo pande zote mbili, chomeka pini, rudisha joto, bana, jaza mfereji. Shikilia bila kutikisa hadi king'ao cha juu kififie.

Usimwagie maji. Acha ipoe yenyewe.

Hatua ya 6: Rangi

Tupa, msasa, fila ya magari palipo na shimo, praima ya alumini na mabati, kisha rangi. Ile praima nyekundu ya chuma haishiki vizuri kwenye alumini tupu.

Hatua ya 7: Kurudisha bustanini

Funga kwa bolti za stenlesi zenye washa na mirija ya plastiki, ili chuma hicho kisiguse alumini. Tundu la pumzi liache wazi, maji yatoke. Kwa wanaokaa ufukweni, kila mnapomwagilia majani ipitishieni sanamu maji baridi ya bomba, hasa kwenye kiungo na nyayoni, chumvi isikae.