Ukibaguliwa, barua iandikwe hivi

Kazi yangu ni kuandikia watu barua hapa Malindi: za kuomba kazi, za migogoro ya mashamba, na za kubaguliwa pia. Wengi huja na karatasi waliyojaribu wenyewe nyumbani, hasira kurasa mbili, tukio mstari mmoja. Geuza.

Anza na tukio lenyewe. Siku, saa, mahali, nani alikuwapo, na maneno kama yalivyotoka mdomoni mwa msemaji, matusi na yote. Binti mmoja Mpemba wa kijiji cha Mayungu alikuwa ameandika "walinidharau kwa sababu ya kabila langu". Nikamuuliza, "Walisema nini hasa, mwanangu?" Akainamisha kichwa. "Nilipotaja natoka Mayungu, yule bwana akasema, 'Wapemba rudini kwenu, hii kazi ni ya Wakenya.'" Basi hayo ndiyo tuliyoyaweka juu kabisa. Wapemba walitambuliwa kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023 na kitambulisho anacho, kwa hiyo tukaambatisha nakala. Nakala tu, kitambulisho chenyewe usikiache kwa mtu.

Shahidi wake alikuwa bodaboda aliyemngoja mlangoni. Muombe ruhusa shahidi kabla hujamtaja, maana kuna wanaoruka ukishafika wakati wa kusema.

Sheria itaje kwa ufupi. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inaikataza serikali, na mtu binafsi vilevile, kubagua kwa rangi, kabila, dini, lugha, hata mavazi. (Dada uliyekataliwa kwa sababu ya buibui, hiyo ni yako.) Kwenye mambo ya kazi, ongeza kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kinamlinda hata anayeomba kazi tu, na kesi ikifunguliwa, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Watu wangejua hilo wasingeogopa hivi.

Pa kupeleka: Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, hupokea malalamiko ya ukabila na hujaribu kupatanisha kwanza. Kwa majirani naipenda njia hiyo. Kwa mwajiri mwenye mawakili wake, mimi ningetazama Mahakama ya Ajira, nayo iko hapa hapa Malindi. Mahakama Kuu pia ipo, na Ibara ya 22 inasema kufungua kesi ya haki za msingi hakulipiwi ada, wala karatasi si lazima ziwe za kiwakili.

Kwa chifu utaambiwa msameheane. Nenda ukipenda, ila barua iwe imeshaandikwa.

Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Karani akidai muhuri umefungiwa kabatini, aandike jina lake na tarehe kwa kalamu, atie sahihi.