Database ya SpamAssassin ikikorapti usikimbilie kufuta

Ukiona barua taka zinapita SpamAssassin (programu ya kuchuja barua taka za email) kama hazina mwenyewe na kwenye logi kuna makelele kuhusu faili la bayes_toks, ujue database ya Bayes (sehemu inayojifunza kutofautisha barua taka na safi) imeharibika, mara nyingi ni diski kujaa au sava kuzimika ghafla. Zima spamd (huduma ya SpamAssassin inayokaa ikichuja barua) kwanza, kisha kopi folda nzima ya .spamassassin weka pembeni, hii usiruke hata kama una haraka. Halafu jaribu amri ya sa-learn --backup > bekapu.txt, ikitoka vizuri piga sa-learn --clear (inafuta database mbovu) alafu sa-learn --restore bekapu.txt, inajijenga upya. Fanya yote kwa yuza yule yule anayetumiwa na spamd, ukifanya kwa root (yuza mkuu wa sava) unaweza kujikuta unatengeneza database nyingine kabisa na ile mbovu iko palepale (mimi nilipoteza jioni nzima hapo).

Bekapu ikigoma basi hakuna namna, clear uanze kuifundisha upya, ila Bayes haianzi kufanya kazi mpaka ijifunze angalau barua taka 200 na safi 200. Ukimaliza cheki idadi kwa sa-learn --dump magic ndo uwashe spamd.