Kuandaa jedwali la matokeo ya ubunge ya chama kimoja kimkoa: CHADEMA Kilimanjaro, 2015

Kila uchaguzi ukipita husikika kwamba chama fulani "kimechukua mkoa". Kisheria mbunge huchaguliwa na kutangazwa jimboni; jumla ya mkoa tunaitengeneza sisi tunaoandika. Kwa hiyo lazima ijumlishwe kwa uangalifu. Nitatumia Uchaguzi Mkuu wa Tanzania wa Oktoba 25, 2015.

Hatua ya 1: Andika majimbo kabla ya kutafuta kura

Kilimanjaro ilikuwa na majimbo tisa: Rombo, Vunjo, Moshi Mjini, Moshi Vijijini, Hai, Siha, Mwanga, Same Magharibi na Same Mashariki. Tumia orodha ya Tume ya Uchaguzi ya mwaka uleule. Ukiandaa Mbeya ya 2015 kwa ramani ya leo utaziacha Tunduma, Momba na Mbozi, kwa sababu mkoa wa Songwe ulimegwa mwaka 2016.

Hatua ya 2: Jaza safu

Jimbo, mshindi, chama kilichomsimamisha siku ya kura, kura za CHADEMA, kura halali, kura zilizokataliwa, walioandikishwa. Mwaka 2015 kura za ubunge za kila kituo ziliandikwa kwenye Fomu Na. 21B. Ukipata nakala, hakiki nazo jumla iliyotangazwa jimboni.

Safu ya washindi ilikuwa hivi: Joseph Selasini (Rombo), Jaffary Michael (Moshi Mjini), Anthony Komu (Moshi Vijijini), Freeman Mbowe (Hai), Godwin Mollel (Siha) na Naghenjwa Kaboyoka (Same Mashariki), wote CHADEMA. James Mbatia wa NCCR-Mageuzi alishinda Vunjo. CCM ilibaki na Jumanne Maghembe, Mwanga, na Mathayo David Mathayo, Same Magharibi. CHADEMA ilipata sita kati ya tisa.

Hatua ya 3: Tenganisha chama na umoja wake

Hapa ndipo majedwali mengi huharibika. CHADEMA ilikuwa ndani ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, pamoja na CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, na vyama hivyo vilikubaliana kuachiana majimbo. Ukiihesabu Vunjo kuwa ya CHADEMA utapata saba, na utakuwa umempokonya Mbatia chama chake. Weka safu mbili, ya chama na ya UKAWA. Jimbo ambalo chama hakikusimamisha mgombea liwekee kistari. Sifuri inamaanisha kilisimama kikakosa kura.

Hatua ya 4: Asilimia

Usitafute wastani wa asilimia za majimbo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, jimbo moja lina kura halali 80,000 na chama kimepata 48,000 (asilimia 60), jingine lina 20,000 na kimepata 6,000 (asilimia 30). Wastani utakupa 45. Jibu sahihi ni 54,000 kwa 100,000, yaani asilimia 54.

Hatua ya 5: Weka uchaguzi uliotangulia pembeni

Mwaka 2010 CHADEMA ilishinda Hai, Moshi Mjini na Rombo. Augustino Mrema wa TLP alichukua Vunjo, na CCM matano yaliyobaki. Mwaka 2015 CHADEMA iliyatetea yale matatu ikaongeza Siha, Moshi Vijijini na Same Mashariki, yote kutoka CCM.

Sasa panga majimbo kijiografia. Majimbo yote ya Uchagani yaliangukia UKAWA. Mawili yaliyobaki CCM yako Upareni, ambako CHADEMA ilipata Same Mashariki pekee. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa ya mkoa ule, na idadi ya viti peke yake isingekuonyesha.

Ulinganisho huu ni rahisi kwa kuwa majimbo yalibaki yaleyale tisa. Ubungo ya Dar es Salaam, iliyozaa Kibamba mwaka 2015, huwezi kuilinganisha hivihivi.

Hatua ya 6: Funga jedwali kwa tarehe

Wabunge wa viti maalum wasiingie, hata wakiwa wenyeji wa Moshi. Viti hivyo hugawanywa kwa kura za ubunge za chama nchi nzima, kikifikisha angalau asilimia 5.

Kisha andika chini ya jedwali: "Matokeo ya Oktoba 2015." Mollel alihamia CCM Desemba 2017, akairudia Siha kwa tiketi ya chama hicho katika uchaguzi mdogo wa Februari 2018. Uchaguzi huo uupe mstari wake, na mstari wa 2015 uuache ulivyo.