Kuzungusha injini kwa mkono unapopima tapeti

Kabla hujashika spana kupima tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya roka (mikono inayosukuma vali) na vali, toa plagi zote. Kwa injini ya petroli hapo ndipo kazi inapokuwa nyepesi: bila plagi hakuna kompresheni (hewa iliyobanwa kwenye silinda), na krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inazunguka taratibu bila kuruka alama unayoitafuta, ile ya kwenye puli inayoonyesha pistoni namba 1 iko juu kabisa. Ziba matundu kwa kitambaa safi. Nati ikidondokea kwenye silinda, siku yako imeisha.

Weka gia huru, kisha tia soketi yenye mpini mrefu kwenye bolti ya puli ya krenki. Usizungushie bolti ya kamshafti, shafti inayofungua vali. Fuata upande ule ule injini inaozungukia ikiwaka, mara nyingi ni kama saa, ila baadhi ya Honda za zamani huenda kinyume. Ukipitiliza alama, mimi sirudishi nyuma, naongeza mizunguko miwili kamili.

Alama peke yake hudanganya, maana krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja, hivyo alama hufika mara mbili na vali za silinda hiyo huwa zimefungwa zote mara moja tu. Tikisa roka za silinda namba 1: zote mbili zikicheza kidogo, uko sawa. Zikiwa zimekaza, ongeza mzunguko mmoja ndipo uingize geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi hiyo.