Baridi ikikufungia ndani, piga picha za maua

Kwa mliopo huku Minnesota na kwingine kwenye baridi kali: Januari kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi -20 za Selsiasi, na karibu saa 11 jioni jua linazama. Siku za namna hiyo mimi hununua shada dogo la tulipu dukani, nikakaa nalo dirishani na simu yangu. Linanituliza kweli.

Zima taa zote kwanza. Mwanga wa balbu ukichanganyika na wa dirishani, ua jeupe linageuka manjano. Dirisha la upande wa kaskazini ndilo bora, kwa sababu jua haliingii moja kwa moja. Kama huna, teremsha pazia jepesi jeupe. Weka ua ubavuni mwa dirisha, hatua moja kutoka kwenye kioo (baridi ya kioo huunguza petali), kisha simamisha karatasi nyeupe upande wenye kivuli. Utaona kivuli kinalainika papo hapo. Nyuma tundika kanga au shati jeusi.

Egemeza simu kwenye vitabu isitikisike. Gusa skrini pale kwenye chavua (unga wa katikati ya ua), halafu telezesha kidole chini mwanga upungue kidogo.

Tulipu huendelea kurefuka hata baada ya kukatwa, na shingo zake hupinda kufuata mwanga. Kwa hiyo lipige picha ua lilelile kila asubuhi, hadi petali zidondoke mezani. Picha za mwisho, za petali zilizokunjamana, ndizo ninazozipenda zaidi.